Kupima Matunda ya Malezi: Habari za Mipango ya Kurekebisha Tabia za Watoto wa Shule

Kila mwalimu aliyekaa na watoto darasani miaka michache ajua ya kuwa kufundisha hesabu na kusoma si kazi ngumu kama kuwatuliza wasiotulia. Yupo mtoto apigaye wenziwe, yupo atorokaye masomo, yupo asemaye maneno ya ufedhuli, na yupo asiyefanya ubaya wowote ila kupiga kelele tangu asubuhi hata adhuhuri. Wazazi humtazama mwalimu, mwalimu huwatazama wazazi, na mara kwa mara hutokea watu wenye nia njema wakaleta mpango mpya: chama cha watoto, mafundisho maalum, kambi ya wakati wa likizo, au mshauri wa kuwatembelea nyumbani. Mpango hupokewa kwa shangwe na hotuba. Ukiisha, husomwa taarifa ya kwamba watoto wengi walihudhuria na wote walishukuru. Lakini swali moja haliulizwi mara nyingi, nalo ni hili: Je, watoto wale wamekuwa wema kuliko ambavyo wangalikuwa kama mpango usingalikuja kabisa?

Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za watu waliouliza swali hilo, na majibu waliyoyapata. Sehemu kubwa ya habari hizi ni ya Marekani, kwa kuwa huko majina ya watoto yaliandikwa na kufuatwa muda wa miaka mingi, hata mwisho wa mambo ukaonekana. Lakini hatutaishia huko. Tutafika kwa jirani zetu wa Uganda. Msomaji na avumilie, maana habari yenyewe ina huzuni ndani yake, na huzuni hiyo ndiyo yenye mafunzo.

DAKTARI CABOT NA WAVULANA 650

Cambridge na Somerville ni miji miwili iliyo karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts. Katika miaka ya 1930 mitaa mingi ya miji hiyo ilikuwa ya wafanyakazi maskini. Nyumba zilisongamana, na wavulana wengi walishinda njiani. Huko ndiko alikofanya jaribio lake Daktari Richard Clarke Cabot.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1868, akawa tabibu na mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard. Alikuwa na desturi moja isiyowapendeza matabibu wote. Mgonjwa akifa, alitazama ugonjwa gani ulioandikwa na matabibu alipokuwa hai, kisha akatazama ni ugonjwa gani ulioonekana maiti ilipopasuliwa. Mwaka 1912 alitangaza habari za maiti 3,000 zilizochunguzwa hivyo, ikadhihirika ya kuwa yapo magonjwa ambayo matabibu waliyakosea zaidi ya nusu ya mara. Mtu wa namna hii haridhiki na maneno ya "twadhani". Mwaka 1931 alisimama mbele ya mkutano wa watu wenye kazi ya kuwasaidia maskini na wenye shida, akawaambia ya kwamba wao nao imewapasa kupima kama msaada wao wasaidia kweli au hausaidii.

Mwaka 1935 alianza kutengeneza mpango wake. Imani yake ilikuwa nyepesi kueleza: mvulana aliye hatarini kupotea ataokoka akipata rafiki mmoja, mtu mzima, mwema, mwenye saburi, atakayekuwa naye si siku mbili bali miaka. Basi walimu wa shule, watu wa makanisa, polisi, na wenye kazi ya kuwatunza maskini waliombwa kutaja majina ya wavulana waliokuwa wakisumbua. Yaliombwa pia majina ya wavulana wa kawaida wasiosumbua, ili mtoto asifikiriwe kuwa mwovu kwa sababu tu jina lake limo katika mpango. Mwisho walipatikana wavulana 650.

Hapa ndipo alipofanya jambo lililokuwa geni siku zile. Wavulana wale walilinganishwa wawili wawili: umri sawa, akili sawa, nyumba za namna moja, mtaa wa namna moja, na hatari ya kupotea iliyokisiwa kuwa sawa. Kisha kwa kila wawili ilirushwa sarafu. Mmoja akaingia katika mpango, mwenziwe akaachwa aendelee na maisha yake kama kawaida. Hivyo 325 walisaidiwa, na 325 wakawa wa kulinganishia.

Pengine msomaji atauliza, "Kwa nini kurusha sarafu? Si bora kumchagua aliye na shida zaidi?" Na tufikiri habari ya mkulima atakaye kujua kama samadi yafaa. Akiitia katika shamba lenye rutuba, mahindi yakastawi, ataisifu samadi kwa kazi ya udongo. Akiitia katika shamba lililochoka, mahindi yakadumaa, ataitukana samadi bila haki. Atajua kweli iwapo atachukua vipande viwili vya shamba moja, udongo mmoja na mvua moja, akatia samadi katika kimoja tu, na cha kutiwa kichaguliwe si kwa jicho lake bali kwa kura. Maana jicho lina upendeleo hata lisipojijua. Hiyo ndiyo hekima ya sarafu.

Kazi ilianza mwaka 1939, na mwaka ule ule Daktari Cabot alifariki. Hakuona mwisho wake. Washauri waliowekwa waliwatembelea wavulana na jamaa zao nyumbani, kwa wastani mara mbili kila mwezi. Wavulana zaidi ya nusu walifundishwa masomo waliyokuwa wakishindwa shuleni. Zaidi ya 100 walitibiwa na matabibu wa mwili au wa akili. Wengi walipelekwa katika vyama vya vijana, na wengine katika kambi za mashambani wakati wa joto. Mshauri alimchukua mvulana mchezoni, alizungumza na mwalimu wake, alimtafutia baba yake kazi. Hata ilipokwisha kazi mwaka 1945, mvulana mmoja alikuwa amesaidiwa kwa wastani muda wa miaka 5. Katikati Vita Kuu ya Pili iliwachukua washauri na vijana wengi, na wavulana wengine walitolewa kwa kuwa kazi iliwazidi washauri; waliobaki katika hesabu ya mwisho walikuwa jozi 253.

Hatujui mwalimu awezaye kusoma habari za kazi ile asitamani kwamba wanafunzi wake wangalipata wasaidizi kama hao.

MATUNDA YALIPOHESABIWA

Mwaka 1951 Edwin Powers na Helen Witmer walitoa kitabu cha habari za jaribio hilo. Walitazama daftari za mahakama na za polisi. Wavulana waliosaidiwa hawakuwa wamefanya makosa machache kuliko wenzao walioachwa. Watu waliusikitikia mpango, wakasema, "Labda ni mapema mno. Mti wa mwembe hauzai mwaka ule uliopandwa."

Neno hilo lilikuwa la haki, na mtu mmoja alilishika. Bibi Joan McCord, mtaalamu wa mambo ya uhalifu, alianza katikati ya miaka ya 1970 kuwatafuta wavulana wale, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye wake na watoto. Ilikuwa kazi ya kupekua daftari za mahakama, za hospitali, za ndoa, na za vifo. Hata ilipofika mwaka 1979 alikuwa amewapata karibu wote.

Kwanza aliwauliza waliosaidiwa: "Je, mpango ule ulikufaa?" Katika waliojibu, wapata theluthi mbili walisema uliwafaa. Wengine walikumbuka washauri wao kwa upendo. Wengine walisema uliwatoa njiani ukawaonyesha maisha mema. Kama habari ingaliishia hapo, taarifa ingaliandikwa kwa furaha, na mpango ungalienezwa katika miji mingine.

Lakini Bibi McCord hakuishia hapo. Aliwalinganisha na wenzao walioachwa, jozi kwa jozi. Mwaka 1978 alitangaza aliyoyaona. Katika kufanya kosa la kwanza, makundi yale mawili yalikuwa sawa. Lakini waliosaidiwa ndio waliokuwa wengi zaidi katika kurudia makosa. Ndio walioonyesha zaidi dalili za ulevi, na dalili za maradhi makubwa ya akili. Ndio waliopatwa zaidi na magonjwa yatokanayo na mahangaiko. Waliokufa katika wao walikufa wakiwa na umri mdogo zaidi. Hata kazi walizofanya zilikuwa za heshima ndogo kuliko za wenzao. Katika mambo yote aliyoyapima, hakuliona hata moja ambalo waliosaidiwa waliwazidi wenzao kwa wema.

Baadaye aliendelea kuchungua, akaona mambo mawili yaliyozidi kumshangaza. La kwanza, madhara hayakuonekana kwa wavulana ambao jamaa zao hawakushirikiana na washauri. Yalionekana kwa wale ambao jamaa zao waliupokea mpango kwa moyo. La pili, waliopata madhara makubwa kuliko wote ni wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Basi haiwezekani kusema kwamba dawa ilikuwa ndogo mno. Walioinywa zaidi ndio walioumia zaidi.

Kwa nini? Yeye mwenyewe alitoa makisio kadha wa kadha. Pengine mtoto aliyezoea kutegemea mshauri, mshauri alipoondoka alibaki hana nguvu zake mwenyewe. Pengine alitazamia mema mengi kuliko dunia iliyoweza kumpa, akakata tamaa. Pengine kule kutembelewa na kushauriwa kulimfundisha mtoto kujiona kuwa ana kasoro. Na kwa habari ya kambi, alidhani wavulana walipokusanyika bila wazazi walihadithiana makosa yao kwa majivuno, na aliyefanya ubaya mkubwa ndiye aliyechekewa na kusifiwa. Wazee wetu walisema zamani kwamba samaki mmoja akioza wote huoza. Na kapu la samaki lilikuwa limefumwa na watu wema.

Twaomba wasomaji wasimdharau Daktari Cabot kwa sababu ya mwisho huu. Wapo maelfu waliofanya mipango kama yake wasiipime, na hakuna ajuaye kama waliponya au waliua. Yeye aliacha mlango wazi ili kweli iweze kuingia hata baada ya kufa kwake.

KITISHO CHA GEREZANI NA MAFUNDISHO YA POLISI

Twadhani msomaji atatazamia kwamba baada ya mwaka 1978 watu wote walijifunza kupima kwanza na kueneza baadaye. Haikuwa hivyo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mwaka ule ule wa 1978 picha ya sinema ilionyeshwa Marekani, habari za gereza la Rahway katika jimbo la New Jersey. Wafungwa wa maisha walikuwa wakiletewa vijana wenye tabia mbaya. Waliwakemea, wakawatukana, na kuwaonyesha mateso ya kifungo, ili wakitoka waogope uhalifu. Watazamaji wengi walipendezwa, na mwaka 1979 picha hiyo ilipewa tuzo kubwa ya sinema. Mipango ya namna hiyo ikaanzishwa katika majimbo mengi. Lakini mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Rutgers, James Finckenauer, alilinganisha vijana 46 waliopelekwa gerezani na vijana 35 ambao hawakupelekwa. Baada ya miezi 6, katika wale 46 waliofanya makosa tena walikuwa 19. Katika wale 35 walikuwa 4 tu. Miaka mingi baadaye wataalamu walikusanya majaribio 9 ya namna hiyo na kuyasoma pamoja, wakaona ya kuwa mtoto huyo aliyetishwa yuko katika hatari kubwa ya kukosa kuliko kama angaliachwa. Kumbe mtoto aliyepelekwa kuogopeshwa hurudi na sifa kwa wenziwe kwamba ameingia gerezani akatoka mzima.

Mwaka 1983 mjini Los Angeles polisi na wakuu wa shule walianzisha mpango mwingine, ujulikanao kwa jina la D.A.R.E. Askari mwenye sare aliingia darasani akawafundisha watoto kukataa madawa ya kulevya. Wazazi waliupenda, walimu waliupenda, polisi waliupenda, na haukupita muda mrefu ukawa umeenea katika sehemu kubwa ya shule za nchi ile. Mwaka 2003 ofisi ya serikali ya Marekani yenye kazi ya ukaguzi ilitazama vipimo vilivyofanywa kwa miaka mingi, ikatoa habari kwamba hakuna tofauti ya maana kati ya watoto waliofundishwa na wasiofundishwa. Mwaka 2009 wenye mpango waliyabadili mafundisho yao. Katika muda ule wote watoto hawakupata madhara kama ya Rahway. Lakini saa za masomo zilipotea, na fedha zilipotea, na mbaya zaidi, watu walidhani kazi imekwisha kufanywa, wasitafute njia nyingine.

MCHEZO WA MWALIMU WA KANSAS

Tusidhani sasa kwamba kila mpango ni bure. Zipo habari za furaha, nazo zilianza katika darasa moja dogo.

Mwaka 1967 katika mji wa Baldwin City, jimbo la Kansas, palikuwa na darasa la nne lenye watoto 24, na kelele zake zilimshinda mwalimu. Mwalimu huyo, Muriel Saunders, pamoja na Harriet Barrish na Montrose Wolf wa chuo kikuu cha Kansas, walibuni mchezo. Darasa liligawanywa kambi mbili za mashindano. Sheria zilikuwa chache na wazi: mtoto asiondoke mahali pake bila ruhusa, asiropoke bila ruhusa. Mtoto akivunja sheria, mwalimu hakumpiga wala hakumkaripia. Aliandika alama moja ubaoni chini ya kambi yake. Kambi yenye alama chache ilishinda, na zote mbili ziliweza kushinda iwapo alama hazikuzidi kiasi kilichowekwa. Zawadi hazikuwa za fedha: kwenda kula kwanza, kuvaa kitambulisho cha ushindi, kupata nyota, kupewa muda wa kufanya kazi waipendayo.

Jambo la kutazama ni namna walivyopima. Watu waliketi darasani wakahesabu makosa kabla ya mchezo. Kisha mchezo ukatumiwa katika saa ya hesabu tu: makosa yakapungua sana, lakini katika saa ya kusoma yakabaki vile vile. Halafu mchezo ukaondolewa katika hesabu: makosa yakarudi. Ukarudishwa: yakapungua tena. Hivyo hakuna awezaye kusema kwamba watoto walitulia kwa kuwa walikua, au kwa kuwa mvua ilinyesha. Tena watafiti hawakuficha ya kuwa watoto wawili walikataa kucheza, wakawa wanaiharibia kambi yao kwa makusudi, hata ikabidi watengwe nayo. Mwalimu yeyote atakayeujaribu mchezo huo atawakuta wawili hao katika darasa lake.

Jaribio la Kansas lilikuwa la darasa moja na siku chache. Mwaka 1985 wataalamu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, wakiongozwa na Daktari Sheppard Kellam, walishirikiana na shule za mji wa Baltimore ili kuupima mchezo huo kwa watoto wa darasa la kwanza. Shule zilikuwa 19. Watoto waligawanywa madarasani kwa usawa, na madarasa yaliyotumia mchezo yalichaguliwa kwa kura. Ndani ya darasa, kila kambi ilitiwa wavulana na wasichana, watundu na wapole, ili watundu wasikae mahali pamoja. Mchezo ulianza kwa dakika 10, mara tatu kwa juma, ukaongezwa kidogo kidogo. Ulidumu miaka miwili.

Kisha wakangoja. Mwaka 2008, watoto wale walipokwisha kuwa watu wa miaka 19 hata 21, habari zilitangazwa. Katika wavulana waliokuwa watundu kuliko wote walipoingia darasa la kwanza, wale waliocheza mchezo walikuwa wachache zaidi katika kutawaliwa na madawa ya kulevya na katika mwenendo mbaya wa kuvunja sheria. Kwa watoto waliokuwa wapole tangu mwanzo faida ilikuwa ndogo, kwa kuwa hawakuwa hatarini. Tena watoto walioingia mwaka uliofuata, walimu walipokuwa wamepunguziwa mafunzo na usimamizi, matunda yao yalikuwa haba. Basi mchezo si hirizi ya kutundikwa ukutani. Nguvu yake i katika mwalimu aliyefundishwa na kutegemezwa.

Hapa twaomba msomaji alinganishe Cambridge na Baltimore. Kule Cambridge mtoto alitolewa katika wenziwe akasaidiwa peke yake, au akapelekwa kambini pamoja na wengine waliotajwa kama yeye. Hapa Baltimore hakuna mtoto aliyetajwa kwa ubaya wala kutembelewa nyumbani. Lililobadilishwa ni darasa lenyewe, na wenziwe ndio waliokuwa mkono wa kumshika.

SHULE ZA LUWERO

Sasa tufike kwa jirani. Katika Uganda shirika la Raising Voices, lenye makao yake Kampala, lilitengeneza mpango wa Shule Njema wenye hatua 6. Mpango huu hauanzi kwa kutazama tabia za watoto, bali kwa kutazama tabia za watu wazima wa shule. Walimu hujifunza kuadibu bila fimbo na kusifu palipo na haki ya kusifu; wanafunzi hushirikishwa katika kuweka sheria; mwalimu mkuu na wazazi huitwa kuzungumza.

Mwaka 2012 shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero zilihesabiwa hali yake. Kwa kura, shule 21 zilipewa mpango, na shule 21 zikaambiwa zingoje, nazo zingepewa baadaye. Baada ya miezi 18, mwaka 2014, watoto wapatao 3,800, wengi wao wa miaka 11 hata 14, waliulizwa faraghani kama katika juma lililopita walipigwa au kuumizwa mwilini na mtu wa shule. Katika shule zilizongoja, wapata 49 katika kila 100 walisema ndiyo. Katika shule zilizopata mpango, walikuwa 31 katika kila 100.

Watafiti walisema pia yale ambayo hayakubadilika: alama za masomo zilikuwa sawa katika makundi yote mawili, na afya ya akili ya watoto ilikuwa sawa. Tena 31 katika 100 si hesabu ya kujivunia. Lakini ni hesabu ya kweli, na mtu anayejua alipo aweza kuanza safari. Wazee husema mganga hajigangi. Mwalimu akiulizwa kama amewapiga watoto juma hili, atajibu vingine. Luwero waliulizwa waliopigwa.

YATUPASAYO SISI

Wapo wasomaji watakaosema kwamba moyo wa mtoto haupimwi kwa mizani, na kwamba Mungu peke yake ndiye aujuaye. Twakubali. Lakini hatukuambiwa tupime moyo. Twaweza kuhesabu siku alizotoroka, mara alizopigana, na mwaka alioacha shule. Mkulima naye haujui moyo wa mhindi, lakini huhesabu magunzi.

Wapo wengine watakaosema ni ukatili kumpa mmoja na kumnyima mwenziwe kwa kura. Neno hili ni zito, na latupasa kulijibu kwa heshima. Kwanza, kwa kawaida msaada hautoshi wote. Atakosa mtu vyovyote, na kura ni ya haki kuliko kujuana. Pili, yawezekana kuwapa waliongoja baadaye, kama ilivyofanywa Luwero. Tatu, wakumbukeni wavulana wa Cambridge: walioangukiwa na upande wa bahati wa sarafu ndio walioumia. Anayesema "ni vibaya kumnyima" amekwisha kuamini kwamba anachokitoa ni chema, na hilo ndilo linalotafutwa.

Basi sisi wa shule za vijijini tufanye nini? Hatuna wataalamu wala fedha za kuwafuata watoto miaka 30. Lakini tuna daftari la mahudhurio, tuna kalamu, na tuna kamati za wazazi zenye haki ya kuuliza. Mpango ukiletwa shuleni, wazazi na waulize kabla ya kupiga makofi: Umejaribiwa wapi, na ulilinganishwa na nini? Nani aliyehesabu matunda yake, wenye mpango wenyewe au mtu mwingine? Maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Je, utawakusanya watundu mahali pamoja, au utawaacha kati ya wenzao? Je, wamtaka mwalimu naye abadilike, au wamtaka mtoto peke yake?

Na mwalimu, kabla mpango haujaanza, na ahesabu juma zima: ugomvi mangapi, watoro wangapi, waliopigwa wangapi. Kama kuna madarasa mawili ya rika moja, wapige kura, moja lianze, jingine lingoje hata muhula ujao. Amwombe mwalimu wa darasa jingine amhesabie, kwa kuwa jicho la mwenye darasa lina huruma. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wazazi, ikiwa nzuri au mbaya. Tena baada ya mwaka mmoja na ihesabiwe mara ya pili, maana yaliyo mema mwezi wa kwanza pengine ni upya tu.

Zaidi ya yote, shule na ikubali kuacha jambo lisilofaa hata kama mgeni aliyelileta alikuwa mwema, na watoto waliimba siku ya kumwaga. Wavulana wa Cambridge nao walishukuru.